Mchezo Aliouacha Lwamba

Mama Lwamba alishuka kwenye pikipiki pale Salamabila akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na jambo la kwanza alilosema, kabla ya salamu, kabla hata ya kuomba maji, lilikuwa hili: "Mashini iko wapi?"

Alikuwa ametoka kwake Wamaza, safari ya siku mbili, amebanwa kati ya dereva na gunia lake la mchele, akivuka madaraja ya magogo huku amefumba macho. Jina lake la ubatizo ni Albertine, lakini hilo analijua padri peke yake. Watu wengine wote humwita kwa mzaliwa wake wa kwanza, Lwamba, na hawakuacha hata baada ya Lwamba kufa.

Lwamba alikufa msimu wa mvua uliopita, kwa homa ya siku nne, hapo hapo Salamabila. Alikuja kutafuta dhahabu kama vijana wote, akachimba miezi sita, akaona maisha ya shimoni si yake. Akaacha sururu, akafungua kibanda cha kuchaji simu na kuwawekea watu nyimbo, kwa nguvu za paneli mbili za jua. Humo alikuwa na kompyuta kuukuu aliyoiokota sijui wapi, akaitia Linux. Mafundi wengi wa hapo wanaijua Windows tu, na ukiwatajia Linux wanakutazama kana kwamba umewatukana. Kumbe ni mfumo wa bure, na virusi vinavyoletwa na kadi za simu za wachimbaji, ambavyo ni vingi kuliko kunguni, haviusumbui.

Ndani ya kompyuta hiyo Lwamba alitengeneza mchezo. Hakuuchukua kwa mtu. Aliuandika mwenyewe, mstari kwa mstari, miaka miwili. Na miaka hiyo miwili hakukanyaga Wamaza. Kila mama yake alipopiga simu alijibiwa, "Nimalize kwanza, Mama. Nitakuja kukuonyesha." Mara ya mwisho walipozungumza, Mama Lwamba alichoka kusubiri, akamwambia: "Wewe umesahau kwetu. Hata mulango yetu haukumbuke tena." Lwamba alicheka, akasema atakuja. Wiki iliyofuata homa ikamwangusha.

Maneno hayo ndiyo yaliyompandisha Mama Lwamba kwenye pikipiki. Alitaka kuuona huo mchezo kwa macho yake. Alitaka kujua kama kweli mwanawe alikuwa ameisahau nyumba, au yeye ndiye aliyemsingizia mtoto aliyebakiza siku chache za kuishi. Tangu matanga hakuwa amelala usingizi wa kueleweka.

Na mchezo ulikuwa hautaki kufunguka.

"Ona, Mama," alisema Pélagie, binti yake, aliyebaki na kibanda baada ya kaka yake. "Ninabonyeza hapa. Iko inazunguka, inazunguka, kisha inaacha. Haisemi kitu." Kwenye kioo palikuwa na picha ndogo ya pikipiki, na chini yake neno moja: Njia. Pélagie aliibonyeza mara mbili. Kiduara kikatokea kando ya mshale, kikazunguka, kikapotea. Basi.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alikuwa ameshauri afute kila kitu na kuweka Windows. Pélagie alipomweleza mama yake habari hiyo kwenye simu, alijibiwa kwa sauti ambayo wateja wote waliisikia: "Afute nini? Afute mutoto yangu?" Majirani nao walikuwa na lao. Walisema marehemu ameifunga kazi yake mwenyewe, afadhali aachwe apumzike. Mama Lwamba hakubishana nao. Moyoni alikuwa anaogopa kwamba wamesema kweli, na kwamba Lwamba amefunga kwa sababu ya yale maneno ya mlango.

Fundi wa pili aliitwa Nsimire, mwanamke wa kutoka upande wa Bukavu, muuzaji wa vioo na betri za simu, ambaye alisoma kompyuta miaka miwili kabla maisha hayajamleta kwenye mji wa dhahabu. Aliingia akijifuta mikono kwenye kitenge.

"Jambo, Mama Lwamba. Pole na safari."

"Asante, mwanangu. Hii kitu itafunguka?"

"Tuiulize kwanza," alisema Nsimire, akaketi.

Mama Lwamba alidhani ni namna ya kusema. Haikuwa namna ya kusema. Nsimire alifungua kwanza kichezo cha karata kilichokuja na Linux, kikafunguka. Akafungua video, ikaenda. "Mashini ni mzima," akasema. "Ni hii mchezo tu iko na shida." Kisha akafungua dirisha jeusi, tupu, lisilo na picha wala rangi, mshale mmoja tu unapepesa kama jicho la mtu anayesubiri.

"Ukibonyeza picha na inakataa, inanyamaza," alieleza. "Lakini ukiiita huku mu maandishi, Linux inasemaka sababu. Haifichake."

Mama Lwamba alisogeza kigoda. Nsimire aliandika mstari mmoja, akagusa kitufe, na papo hapo mstari mwingine ukatokea chini yake, ambao hakuna mtu pale aliyeuandika. Mwili wa Mama Lwamba ulisisimka. Alikuwa ameona redio, ameona televisheni ya parokia, lakini hizo husema tu yaliyo yao. Hii ilikuwa imeulizwa, na imejibu. Alijikuta ameketi wima kama yuko kanisani.

"Inasema nini?"

Nsimire alisoma kimya maneno ya Kifaransa: Aucun fichier ou dossier de ce type, yaani kitu cha namna hiyo hakipo. Akasoma na jina lililotangulia maneno hayo. Akajikuna shingo.

"Sema tu."

"Inasema hakuna Lwamba."

Wateja wawili waliokuwa wanachomoa simu zao waliacha kuchomoa. Nje, upande wa mtoni, wanawake waliendelea kutwanga mawe ya dhahabu.

"Hiyo najua," alisema Mama Lwamba polepole. "Haikuwa lazima mashini initoshe Wamaza, inilete huku, ili iniambie ile."

"Hapana, Mama, unisamehe. Nimesema vibaya." Nsimire alimgeukia mzima mzima. "Vitu vyote vya huu mchezo alivitia mu dosye moja, kama vile wewe unatia nguo mu sanduku. Ile dosye jina yake ni Lwamba. Sasa mashini inaenda pale aliiweka, inatafuta Lwamba, inakosa. Ndiyo inarudi kutuambia." Akamtazama Pélagie. "Dosye ilienda wapi?"

Pélagie alichukua kipanya. Akafungua mahali, akaonyesha. Dosye ilikuwapo, mahali pake pale pale. Juu yake pameandikwa: Marehemu Lwamba.

Kisha Pélagie akamtazama mama yake, na Mama Lwamba akakumbuka. Ilikuwa wiki ya kuondoa matanga. Pélagie alimpigia simu akamwambia anapanga vitu vya kaka, na kwamba kwenye kompyuta kuna dosye imeandikwa Lwamba. Lwamba tu? Lwamba tu. Mama Lwamba alikasirika kweli siku ile. Kwao mtu akishazikwa jina lake halitajwi uchi. Hata ukimtaja kwa bahati mbaya, unarudi nyuma na kumvalisha. "Munamwandika mutu alikufa kama mutu mwenye iko sokoni?" alisema. "Andika marehemu." Pélagie aliandika jioni ile ile, kwa herufi kubwa ya kwanza. Mchezo wenyewe hakuwa na moyo wa kuugusa, na alipokuja kuugusa baada ya miezi, hakuna aliyekumbuka habari ya jina.

"Basi ni miye," alisema Mama Lwamba. Aliweka kiganja mdomoni. Heshima yake mwenyewe ndiyo iliyomfungia.

Nsimire alijaribu kumwokoa. Aliiambia ile picha ya pikipiki iende kutafuta Marehemu Lwamba badala ya Lwamba. Kioo kikawa cheusi chote, Pélagie akashika mkono wa mama yake, halafu kila kitu kikafa na mstari ukarudi: hakuna Lwamba. Nsimire akachungulia ndani ya kazi yenyewe, akapiga mluzi mdogo.

"Ameandika jina yake kila mahali. Kila picha, kila sauti, inaitwa kwa jina yake. Iko zaidi ya mara mia tatu." Akavuta pumzi. "Mama Lwamba, njia ni mbili. Naweza kutia marehemu mu zile mahali zote mia tatu. Itachukua muda, lakini naweza. Ao tunatosha ile neno, tunaifuta mahali moja, hapa juu, na inabaki Lwamba kama yeye mwenyewe aliandika. Ni wewe utasema."

Hakuna aliyemharakisha. Mama Lwamba alilitazama lile jina refu kwenye kioo. Kuliondolea lile neno kulimwogopesha, nisidanganye. Ilikuwa ni kama kumvua mtu nguo aliyozikwa nayo. Lakini kulikuwa na kitu kinamsumbua sikioni tangu huyu Nsimire alipoingia.

"Wewe unaniita nani?" aliuliza.

"Mimi? Mama Lwamba."

"Haujaniita Mama Marehemu Lwamba."

"Aah, hapana, Mama. Hakuna mutu anakuitaka vile."

"Hakuna," alikubali. "Hata padri. Miye mwenyewe nikiitika, ninaitika kwa Lwamba tu, kila siku, na sijaona ubaya." Akafikiri, akakata shauri. "Kaburini tumeandika marehemu, na itabaki. Hapa tosha ile neno."

Nsimire akafuta herufi moja moja, naye Mama Lwamba akazihesabu kwa midomo zilivyokuwa zinapotea. Likabaki jina tupu. Nsimire akairudisha ile picha ya pikipiki itafute Lwamba kama zamani, akaibonyeza mara mbili.

Kioo kikawa cheusi. Halafu ikaanza kunyesha.

Ilikuwa mvua ya kweli, na sauti yake, ikinyeshea barabara nyekundu, na mbele kabisa kijana juu ya pikipiki amefunga gunia nyuma. Nsimire alipobonyeza, kijana akaondoka. Mama Lwamba alishikwa na mshangao ule unaomfanya mtu mzima asahau kufunga mdomo. Barabara aliyotoka kupita jana ilikuwa ndani ya kioo. Daraja la magogo alilolivuka amefumba macho lilikuwapo, na sasa alilivuka macho wazi. Mto Luama ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Mvua ikakatika, na kando ya njia pakaonekana mikeka ya mpunga ulioanikwa, na mabwawa ya kuloweka mihogo, na kichuguu kilichokatwa nusu na watu waliochukua udongo wa tofali.

"Ni Wamaza," alisema. "Pélagie, ni Wamaza."

Pikipiki ikaingia uani. Uani kwake. Kinu chake kilikuwa hapo, kile kilichopasuka mdomo na kufungwa waya. Mpapai ulikuwa umeegemea upande ule ule unaoegemea. Beseni jekundu la maji ya bata lilikuwa chini yake, na tundu lake. Mama Lwamba alinyoosha kidole bila kugusa kioo, akahesabu vitu vyake kimoja kimoja, kwa kunong'ona. Alijiuliza mtoto anakaaje mbali hivi, miaka miwili, na tundu la beseni halimtoki kichwani.

Kijana wa kwenye kioo akashuka, akaenda hadi mlango wa mbele. Nsimire akabonyeza. Mlango haukufunguka. Akabonyeza tena, mara tatu, mara nne.

"Imekwama tena," alisema, naye alikuwa amechoka. "Pole, Mama. Kuna kitu ingine imekosekana. Ngoja nirudi kule mu maandishi nione inalalamikia nini."

Pélagie alifungua mdomo kusema kitu. Kisha akamtazama mama yake, akaufunga.

"Uache," alisema Mama Lwamba.

Sauti yake ilikuwa imebadilika, na Nsimire akaondoa mikono.

"Haikukwama. Ile mulango haifungukake. Niliipigilia mbao tangu siku baba yao alitokea mule mu sanduku, tukienda kumuzika, na toka pale hakuna mutu wa nyumba anapita mbele. Mugeni ndiye anabishaka hodi pale." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, asikose kuona. "Hakusahau," alimwambia Pélagie. Kisha akamgeukia fundi: "Zunguka nyuma, mwanangu. Pita jikoni."

Nsimire akamzungusha kijana. Akapita mpapai, akapita kinu. Nyuma mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na karibu na mafiga alisimama mwanamke wa kitenge, mdogo kama kidole gumba. Aligeuka. Juu ya kichwa chake pakatokea neno moja: Umekula? Na chini, majibu mawili ya kuchagua: Ndiyo, na Bado.

"Tunajibu nini, Mama Lwamba?" aliuliza Nsimire.

"Sema bado," alisema Mama Lwamba. "Atoke mbali namna ile, atakuwa amekula wapi."