Leso Kwenye Mkeka

Katika darasa letu la yoga, asiyetaka mwalimu amguse kumrekebisha hutandaza leso mbele ya mkeka wake. Dada yangu hutandaza yake kila mara. Tangu alipokimbia vipigo vya mumewe, hapa ndipo mahali pekee anapothubutu kufumba macho mbele za watu.

Siku hiyo mwalimu wetu aliugua, akaja bwana mmoja kushika zamu yake. Mikono yake iling'aa mafuta, na manukato yake yalichanganyika na jasho. Akairuka leso, akamshika dada kiuno.

"Legea, mrembo. Mbona umekakamaa kama ubao?"

Dada akafumbua macho.

"Toa mikono," dada akasema.

"Nakusaidia tu, mama."

"Nani kakuomba? Leso huioni?"

Bwana akacheka, akageuka kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Mama mmoja mshonaji, wa mkeka wa jirani, akavua kilemba chake akakitandaza mbele ya mkeka wake mwenyewe. Wengine wakafuata, mmoja akitandaza soksi.

Bwana akatoka akijifuta viganja kwenye suruali. Doa la mafuta lilibaki kwenye fulana ya dada. Akalitazama, akasonya, kisha akajilaza na kufumba macho.