Sikio la Kushoto

Mwalimu Xavery alikuwa na kipimo kimoja tu cha umri wa mtoto: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Ukilifikia, unaandikwa darasa la kwanza. Usipolifikia, rudi nyumbani ukachunge mbuzi.

Mwanangu Efrazia hakulifikia miaka mitatu mfululizo, kwa sababu alizaliwa na mkono wa kulia uliokunjika kwenye kiwiko, haunyooki. Wa kushoto ulipita vizuri, ukalishika sikio la kulia lote. Mwalimu akasema sheria ni mkono wa kulia. Nikampa cheti cha ubatizo, akakirudisha bila kukisoma, akasema kanisa halipimi umri wa shule. Kila mwaka aliniambia, kawia ufike, mama. Sasa binti alikuwa na miaka kumi, na nilijua mwakani mwalimu yuleyule atasema amepitiliza. Hasira ilinikaba hata ugali nikawa nausonga mbichi.

Mume wangu Tomaso alikuwa akipaka grisi kombaini, zile mashine za kuvunia, kwenye shamba la ngano la serikali. Alinisihi niache, maana mwalimu ni mtu wa serikali na yeye mwenyewe anakula mshahara wa serikali. Nikamjibu kwamba mimi nakula mahindi yangu.

Siku ya kuandikisha nilikwenda na watoto wawili, Efrazia na mdogo wake Bura, mwenye miaka mitano na mikono mirefu ya babu yake. Nikamsukuma Bura mbele. Akashika sikio bila shida. Mwalimu akamwandika kwa wino, tena akamsifu.

"Huyo alibebwa mgongoni na huyu," nikasema, nikimwonyesha Efrazia. "Mdogo amefikisha umri, dada yake bado?"

Wazazi waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Mwalimu alilitazama daftari lake. Kufuta hakuweza, kwa kuwa mkaguzi hataki daftari la kufutwafutwa. Akasema basi, Bura aje Jumatatu, na huyu mwingine arudi nyumbani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatatu nilimwacha Bura kwa bibi yake. Nilimpeleka Efrazia, nikamkalisha dawati la mbele na kumwambia akae tu, asitoke hata akifukuzwa. Mimi nikasimama nje ya dirisha na jembe begani. Mwalimu aliingia, akaniona, akajifanya hajaniona. Watoto wakamwamkia, akaanza kuita majina.

"Bura Tomaso."

"Nipo," akajibu Efrazia.

Darasa zima likacheka. Mwalimu akaita tena, polepole, na binti akajibu tena, safari hii amesimama. Hilo sikumfundisha mimi. Nikashika ukingo wa dirisha.

"Wewe siyo Bura," mwalimu akasema.

"Najua, mwalimu. Sasa niite mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu alikaa, akafungua kalamu, akaiweka juu ya daftari. Halafu akageukia dirishani, akaniuliza mtoto huyu anaitwa nani. Miaka mitatu alikuwa amempima, na jina hakulijua.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Si yuko darasani kwako?"