Ngoma ya Nyangoma

Kosa lilikuwa la Mwalimu Gosbert, na lilikuwa kosa la adabu. Mama Mapacha alifika kwenye ukumbi wa usharika pale Nyakatuntu akiwa na vumbi la Juni hadi kwenye nyusi, akasema amekuja kumwandikisha Nyakato kwenye kambi ya muziki na sanaa, ile ya watoto kushinda mchana kutwa na kurudi kwao jioni. Hakusema zaidi. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani kwake na kuku wa jirani hawana heshima, kwa hiyo akageuka mbio.

Angekuwa mwalimu wa kutoka Singida, angemhesabu mtoto mmoja na mambo yangeishia hapo. Lakini Gosbert ni mtu wa Muleba, na mtu wa Muleba, sawa na wa Karagwe au Kyerwa, akisikia Nyakato anajua kuna Nyangoma. Mapacha wa kike ndivyo walivyo kwetu: anayetangulia kutoka ni Nyangoma, anayefuata ni Nyakato. Huwezi kuwa wa pili peke yako. Basi Gosbert akaandaa vya wawili. Fulana mbili za njano, vikombe viwili vya uji, na mbele kabisa ya ukumbi, juu ya mkeka mmoja, ngoma mbili, kubwa na ndogo. Alijipongeza moyoni, maana mapacha kupiga ngoma pamoja siku ya kufunga kambi ni jambo la kuwafanya wazazi wasahau kwamba wameacha kahawa shambani.

Asubuhi ya kwanza Nyakato akaingia, miaka kumi na mmoja, miguu imeoshwa nusu. Gosbert akaitikia shikamoo yake huku akichungulia nyuma ya mgongo wake, kisha nje ya mlango.

"Mwenzako yuko wapi?"

Nyakato akaziangalia zile ngoma. Hakuna aliyekuwa amemwekea Nyangoma kitu chochote kwa muda mrefu. Nyumbani hata kitanda kilikuwa kimeshageuzwa cha kuwekea magunia.

"Anakuja," akasema.

Wala haukuwa uongo wa kumpeleka mtu jehanamu. Shangazi Adelgunda alikuwa amesema kwenye simu kwamba likizo hii wataona. Kuna watu wakisikia "tutaona" wanajua ni hapana iliyovaa viatu vizuri. Nyakato alikuwa bado hajafika huko.

Nyangoma alichukuliwa mwaka ule mama yao alipolazwa na kulazwa tena, baba yao Privatus akawa anapika ugali unaoweza kujengea choo. Shangazi akaja kutoka Bukoba, anakouza vitenge, akasema hawezi wote wawili ila mmoja anamweza. Hakuwachagua kwa uzuri wala kwa akili. Alishuka kwenye gari na mkoba wake, na wote wawili wakakimbia kumpokea. Nyangoma akaushika mkoba. Nyakato alikuwa nyuma yake na mikono imeshanyooshwa; alichelewa kwa upana wa mgongo wa pacha wake. Mama akapona, tena akapona vizuri hadi sauti yake ya kufukuza kuku ikarudi. Lakini Nyangoma hakurudi. Wakubwa walisema ameshazoea shule ya kule, asikatizwe, na Nyakato akaitikia kama alivyofundishwa kuitikia wakubwa.

Basi kambi ikaanza. Watoto walitoka Kamuli, walitoka Songambele, wengine kwa miguu, wengine wamepakiwa watatu kwenye bodaboda kama mikungu ya ndizi. Walijifunza nyimbo, walifinyanga udongo, walisuka wanasesere kwa majani makavu ya migomba. Ukumbi ulikuwa na kelele za kuamsha hata waliozikwa nyuma ya kanisa. Katikati ya kelele hizo Nyakato alikaa kwenye upande mmoja wa mkeka, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Mwingine akitaka kuketi pale, yeye mwenyewe alimwambia pana mwenyewe.

Costansia mpishi alimimina uji vikombe viwili kila siku. Alikuwa mama wa miaka mingi, na hakumnyima mtoto kikombe kwa sababu tu hajaonekana. Nyakato alikunywa chake. Cha pili alikisogeza upande wa pili wa mkeka, kikaota utando juu, nzi wakaja kufanya mkutano. Jioni Costansia alikichukua, akaumwaga uji kwenye shina la mgomba bila kuuliza.

Wenzake ndio waliouliza, hasa Xaveria wa Songambele, aliyekuwa na pengo mbele na mdomo usio na mlango. Xaveria alitaka kujua kama pacha huyo anasafiri kwa miguu ya kinyonga. Siku nyingine akauliza kama ni mdogo sana hadi hawamwoni, wamwangalie chini ya mkeka. Watoto wakacheka, na Nyakato akacheka nao, maana usipocheka unachekwa mara mbili. Kisha akavuta ngoma kubwa karibu kidogo, isije ikasogezwa.

Taabu ilikuwa ndani ya ngoma zenyewe. Gosbert alikuwa amewafundisha watoto kwamba ngoma kubwa ndiyo inayouliza, ndogo inajibu. Ndogo haianzi hata siku moja. Nyakato alikuwa kwenye ndogo. Hakuna aliyemwambia akae pale, alikaa tu, kama alivyokaa upande wa ukutani kitandani tangu akiwa na akili. Siku za mwanzo Gosbert mwenyewe alimpigia swali kwenye ngoma kubwa, lakini mwalimu alikuwa mmoja na watoto walikuwa ukumbi mzima, na kila mara kuna aliyeng'atwa, aliyemeza udongo, aliyemfunga mwenzake kwa majani ya migomba. Akawa anaondoka. Nyakato akabaki anahesabu kimoyomoyo swali ambalo halikupigwa, kisha anajibu. Ti-ti-ta. Ananyamaza, anasubiri, anajibu tena. Ukimsikiliza kwa mbali ungedhani ni mtu anayeongea na simu iliyokwisha kukatika.

Na alikuwa anajibu vizuri. Hilo ndilo lililomkera Gosbert.

Wiki ya mwisho akamwita pembeni. Hakumgombeza. Alimweleza kwamba Ijumaa wazazi watajaa pale, kwamba ngoma kubwa haiwezi kukaa bubu mbele ya watu, na kwamba kama Nyangoma hatakuwa amefika kufikia Alhamisi, basi atamweka mtoto mwingine kwenye upande ule. Nyakato akauliza kama inawezekana yeye asipige kabisa, ngoma zote mbili zikae tu. Gosbert akasema haiwezekani, na akasema waitu, neno la upole la kwao, akaondoka haraka kwa sababu mtoto wa Kamuli alikuwa amepanda juu ya kabati.

Jioni hiyo Nyakato alimsumbua mama yake hadi mama akakubali kupiga simu. Alikuwa akichagua kahawa uani, kidole gumba kimekuwa cheusi kwa maganda, akabonyeza namba kwa kile kilicho safi. Baada ya shikamoo za shangazi na habari za mvua isiyokuwepo, simu ikapewa Nyangoma, na ya huku ikapewa Nyakato. Nyuma ya sauti ya Nyangoma kulikuwa na mtu anajifunza kinanda, anarudia vidole vilevile.

Nyakato alimweleza kila kitu kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani, mbio mbio, kama walivyokuwa wakiongea chini ya blanketi: ngoma, mkeka, fulana ya njano iliyokunjwa, Xaveria na pengo lake. Akamaliza. Kule kilisikika kinanda tu.

"Unasema?" Nyangoma akauliza, kwa Kiswahili.

Nyakato akaanza upya kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili yalikuwa mambo machache sana.

"Utakuja?"

"Shangazi ndiye anajua."

Shangazi akachukua simu. Akaeleza kwamba wiki hii mzigo unaingia dukani, na mtoto naye yuko kwenye masomo ya kinanda, na safari ni ndefu, labda Desemba. Mama akasema haya, akasema asante, akasema wasalimieni wote. Halafu akarudi kwenye kahawa na hakumwangalia Nyakato kwa muda mrefu, jambo ambalo kwa mama yule lilikuwa ni kumwangalia sana.

Alhamisi asubuhi Nyakato hakungoja kuulizwa. Alimfuata Xaveria, aliyekuwa amesimama peke yake ukutani kwa sababu kundi la waimbaji lilikuwa limemwondoa. Xaveria alikuwa na sauti kubwa kuliko wote na hakuna wimbo uliowahi kuipata.

"Njoo upige kubwa," Nyakato akamwambia.

"Na mwenyewe?"

"Haji."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa neno hilo mdomoni, na lilitoka dogo tu. Xaveria akafungua mdomo, na Nyakato akakaza mabega kusubiri kinyonga, au mkeka, au kipya kilichotungwa usiku. Lakini Xaveria alifunga mdomo. Akaenda akaketi, akakaa vibaya, goti likamgusa Nyakato.

"Nikikosea utajibuje?"

"Utauliza vibaya, nitajibu hivyohivyo."

Alikosea siku nzima. Aliuliza kabla ya wakati, aliuliza mara mbili, mara moja aliangusha kijiti kikaviringika hadi kwenye sufuria la Costansia. Nyakato alijibu vyote. Mchana Costansia alileta vikombe viwili na Xaveria akanywa cha kwake chote, akalamba na utando, akauliza kama kuna kingine.

Ijumaa wazazi wakajaa kama Gosbert alivyosema. Kina mama wa mbele wamevaa vitenge vya Krismasi, kina baba wamesimama mlangoni kama watu wanaopita njia. Privatus alikuja na koti. Watoto waliimba, wanasesere wakaonyeshwa, udongo uliofinyangwa ng'ombe ukapigiwa makofi ingawa wengi walidhani ni kiti. Gosbert akasimama kutangaza ngoma, akawaita wapigaji wakae tayari, na hapo gari likasimama nje.

Alishuka Shangazi Adelgunda, kitenge kinang'aa, analalamikia barabara tangu Kyaka hadi hapo. Mzigo wa dukani ulikuwa umechelewa, akaeleza kwa sauti ya kusikika na ukumbi mzima, akaona heri aje amwonyeshe mtoto kwao. Nyuma yake akashuka msichana mwenye gauni la samawati na soksi. Alikuwa mrefu kidogo kuliko alivyoondoka. Alimpa mama yake shikamoo, akampa baba yake shikamoo, akainama vizuri kabisa kwa wote wawili, vizuri kama mtu anavyoinama kwa wazazi wa mwingine.

Ukumbi mzima ukamtambua. Hata ambao hawakuwahi kumwona walimtambua, maana uso ulikuwa umeshakaa pale mkekani wiki zote hizo. Wakaanza kuambizana kwamba Nyangoma huyo, amefika, mpisheni. Kina mama wakasogeza miguu kufungua njia. Gosbert akacheka kama mtu aliyelipwa. Costansia akaja na ile fulana ya njano, imekunjwa vilevile. Xaveria akainuka mwenyewe bila kuambiwa, akanyoosha vijiti.

Nyakato hakuinuka. Alikuwa amekaa upande wake, na mikono yake imeshanyooka juu ya ngozi ya ngoma.

Nyangoma akaviangalia vijiti. Akamwangalia shangazi, kisha watu.

"Mimi sijui," akasema. "Mimi ni mgeni."

Alisema kwa adabu, na watu wakakubali upesi, kama watu wanavyokubali mgeni anapokataa chakula akisema ameshashiba. Mtu akamletea kiti mstari wa mbele, karibu na shangazi. Mama Mapacha akampangusia kile kiti kwa upande wa kanga yake, mara mbili, ingawa kilikuwa safi. Mwanamke wa jirani akainama kumwuliza kama ndiye Nyangoma, na yeye akajibu, bila ubaya wowote, kwamba anaitwa Placida.

Hilo Nyakato alilisikia. Lilikuwa jina la ubatizo na lilikuwa lake kihalali. Hata yeye Nyakato alibatizwa Benitha. Ila sasa yeye alibaki wa pili, na wa kwanza hakuwepo popote pale ukumbini.

"Kaa," akamwambia Xaveria.

Xaveria akaketi. Akauliza, na safari hii hakukosea, au alikosea kidogo. Nyakato akajibu. Wakaenda hivyo hadi mwisho, swali na jibu, na kina mama wakapiga vigelegele na kina baba wa mlangoni wakaingia ndani kabisa. Nyakato alikuwa anatazama ngozi ya ngoma tu. Alipoinua macho, msichana wa mstari wa mbele alikuwa anapiga makofi, anapiga kwa mpangilio, mikono imenyooka, kama alivyofundishwa kule kwenye kinanda.

Chakula kililiwa. Ndizi na maharage na kipande cha nyama kwa wageni. Mama alimketisha Nyangoma karibu naye na kumwekea ndizi hadi sahani ikawa mlima, na Nyangoma alikula kiasi cha adabu. Shangazi akaanza kuangalia jua. Alisema hataki kupita Kyaka gizani, akasema Desemba, Mungu akipenda.

Nyakato akalisindikiza gari hadi barabarani. Aliutembeza mkono wake kwenye ubavu wa gari lililokuwa linageuza taratibu, hadi akafika dirishani. Nyangoma akashusha kioo. Walitazamana, na kwa kitambo kidogo ilikuwa kama anataka kusema kitu cha chini ya blanketi, midomo ilianza. Kisha akaangalia nyuma ya bega la Nyakato, ambako Xaveria alikuwa amesimama na ngoma kubwa kichwani, amechanua pengo, anasubiri.

"Yule mliyepiga naye ni nani?"

"Xaveria."

Nyangoma akatikisa kichwa polepole, akimkagua.

"Mnafanana," akasema.

Gari likaondoka. Vumbi likasimama barabarani, likachukua muda wake kushuka.