Salamu Isiyo na Mwenyewe

Evalina alikuwa mtu wa kuota ndoto macho wazi, na kazi aliyopewa ilimkoleza badala ya kumzindua. Kwa miezi miwili alizunguka vitongoji vya Zagayu akipiga picha macho ya wanawake wazee na kuwaandika kwenye orodha ya watakaopasuliwa. Kope zilikuwa zimejikunja ndani, zinachubua mboni, na sehemu nyeupe yote imekuwa nyekundu. Ugonjwa wa vikope. Jioni alipofumba macho yake mwenyewe aliyaona yale mengine yakielea gizani, mawili mawili, yanamtazama kwa upole, wala hayakumtisha.

Siku ya kugawiwa vifaa pale Bariadi, Paschal, msimamizi wa takwimu, alivipanga mezani akawaambia kila mmoja achague chake. Wenzake, watu wenye akili zao, walichukua simu ndogo za kuingia mfukoni. Evalina akachukua kishikwambi, kwa kuwa kwenye kioo chake kipana jicho moja lilionekana kubwa kama lambo la kunyweshea ng'ombe, na yeye aliona raha kukaa ukingoni mwake.

"Kikubwa huonwa na wengi," Paschal akamwambia. "Kwa hiyo funga kioo kila unapokiweka chini. Tumia bando lako, usiguse waifai ya watu usiowajua. Na nywila ya kazi usiiandike popote pengine, hata wakikuomba kwa heshima. Ukimwonyesha mtu mlango wa zizi, usimlaumu fisi."

Evalina aliitikia. Kwa kuitikia alikuwa hodari.

Ingekuwa orodha ya wenye meno mabovu, hadithi hii isingekuwepo. Lakini huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu si mgonjwa tu. Amepikia samadi kavu miaka hamsini kwa kuwa kuni hakuna, moshi umemla macho, halafu ng'ombe wa jirani akifa ghafla watu wanakumbuka macho yake na kuanza kunong'ona kuwa ni mchawi. Na ndani ya kishikwambi cha Evalina, na kwenye akaunti ya kazi iliyofunguka kwa nywila yake, walikuwamo wanawake thelathini na mmoja, kila mmoja na jina lake, picha yake, na kidoto chekundu kwenye ramani kinachoonyesha mlango wa nyumba yake.

Kornelia, mmoja wa wanawake hao, alilijua hilo kabla ya Evalina. Dada yake alikatwa mapanga miaka mingi iliyopita kwa sababu ya macho hayohayo, na tangu siku ile hakutoka nje bila kujifunika kanga hadi puani. Evalina alikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu bibi yule alimwekea sahani ya michembe, viazi vilivyokaushwa, akamwacha ale kwanza, kisha akauliza.

"Hiyo picha ataiona nani?"

"Daktari, mayu," Evalina akajibu, kwa neno la Kisukuma la kumwita mama kwa heshima. "Na mimi."

"Watu wawili."

"Wawili tu."

Kornelia akashusha kanga. Evalina akapiga ile picha, akijua amepewa kitu asichokistahili.

Madaktari wa upasuaji walikuwa waje Jumatatu, na orodha ilitakiwa iwe imefika Bariadi Jumamosi kabla ya saa kumi. Jumamosi hiyo Evalina alikuwa safarini kwenda Kalemela kumwona mama yake, akashuka Nyashimo kusubiri usafiri wa mbele. Joto lilikuwa limelala juu ya barabara ya Musoma mpaka lami ikaonekana kama maji. Aliingia kwenye mgahawa wa mama mmoja aitwaye Generoza, akaagiza chai, akakaa dirishani. Vumbi lilikuwa likicheza kwenye miale ya jua. Redio ilikuwa ikisema peke yake. Akabonyeza kutuma orodha, laini yake ikavuta kidogo, ikakwama kwenye asilimia tatu, ikabaki hapohapo.

Akafungua orodha ya mitandao iliyo jirani. Mingi ilikuwa herufi na tarakimu za ovyo. Mmoja katikati uliandikwa: MWADILA.

Hapo ndipo ilipotokea, na mtu wa Dar es Salaam asingetegwa hivyo hata kidogo, maana angeona neno tu. Evalina alikuwa Msukuma. Mwadila ni salamu ya mchana, na kwao mtu akikusalimu ukanyamaza, ni kama umemwambia kuwa hayupo duniani. Tangu utotoni alifundishwa kupiga goti na kuitikia kabla ya kutazama ni nani. Katika usingizi ule wa mchana, na chai imempasha kifua, aliona kama kuna mtu mzima mwenye adabu ndani ya kile kifaa amemsogelea na kumsalimu. "Mwadila," akajibu kimoyomoyo, na kidole chake kikagusa.

Ukurasa mweupe ukafunguka. Karibu, uliandikwa. Weka barua pepe na nywila yako ya kazi upate kuingia. Akaweka. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukazima.

"Mama, samahani," akamwambia Generoza. "Hebu zima kifaa chako cha waifai, halafu uwashe tena. Kimekwama."

"Kifaa cha nini?"

"Cha waifai. Mwadila."

Generoza akaacha kufuta meza. "Mayu, hapa tuna chai na sambusa. Waifai hatuna, wala hatujawahi kuwa nayo."

Ndoto yote ikamtoka Evalina papo hapo, na huenda ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akatazama mgahawani. Wachuuzi wawili wa samaki walikuwa wakila, kila mmoja simu pembeni ya sahani. Nje kulikuwa na pikipiki zisizopungua kumi, na gari jeupe lililokuwa limeegeshwa lilikuwa linaondoka taratibu. Angeweza kuwa yeyote. Mtu hakuhitaji zaidi ya simu mfukoni na jina zuri la kuupa mtandao wake wa kutegea watu.

Alimpigia Paschal kwa sauti iliyokuwa inakatika. Paschal hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Aliifunga akaunti wakati bado wanaongea, kisha akafungua kumbukumbu za walioingia.

"Kuna mtu ameingia," akasema. "Kwa simu ambayo si yetu. Amekaa dakika nne."

"Amechukua nini?"

"Haionyeshi. Pengine alitafuta barua za benki akakuta macho ya bibi zetu, akaondoka zake. Pengine sivyo. Nitaandika ripoti, na polisi nitawaarifu. Nywila nitakupa mpya, orodha utaituma kesho kwa bando. Ila wale kina mama tusiwatie hofu kwanza, Evalina. Tusubiri."

Lilikuwa neno la busara, na Evalina alitamani sana kulishika. Dakika nne. Angeweza kurudi kuota na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini alimwona Kornelia akishusha ile kanga, akajisikia mchafu, akajua kwamba kusubiri kungekuwa kumficha mtu habari za mlango wake mwenyewe. Hakufika Kalemela. Alirudi Bariadi jioni ile, na asubuhi ya Jumapili akapanda pikipiki kwenda Zagayu.

Pamba ilikuwa imepasuka. Mashamba yalikuwa meupe pande zote mbili za njia, na nyuzi zilizochomoka zilielea hewani, zikamwangukia mabegani bila uzito wowote. Siku nyingine angesimama azitazame. Leo alikuwa anahesabu maneno ya kusema, na kila alipoyafikisha mwisho yalikuwa machache mno.

Kornelia alikuwa mlangoni anachambua mboga. Evalina akapiga goti na kusema yote, hakupunguza: jina la mtandao, nywila, dakika nne, wanawake thelathini na mmoja, na kwamba hajui ni nani wala ameona nini. Yule mama alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na kazi.

"Nilikupa watu wawili," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Sasa ni wangapi?"

"Sijui."

Vidole vikasimama. Kuku walikuwa wakichakura karibu yao. Evalina alilia, hakujificha.

"Nionyeshe," Kornelia akasema.

"Nini, mayu?"

"Hayo macho."

Hapo Evalina akatambua kwamba ile picha ameiona yeye, ameiona Paschal, huenda ameiona na mtu asiye na jina aliyepita Nyashimo, na mwenyewe hajapata kuiona. Akafungua kishikwambi, akamsogezea. Kornelia aliinama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa pindo la kanga, akatazama tena.

"Ni ya mama," akasema polepole. "Haya ni macho ya mama yangu kabisa. Sikujua kama aliniachia."

Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilomhusu Evalina wala mtu yeyote aliye hai. Kisha akasukuma ungo pembeni.

"Wengine thelathini umewaambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Wanalala peke yao wale. Inafaa walale wawili wawili, watatu watatu, mpaka tujue. Kizazi cha watoto wetu kiko mjini, hakitakuja kuwalinda." Akaegemea ukuta, akasimama. "Haya, twende."

"Mayu, jua ni kali. Nitakwenda mwenyewe."

"Wewe mwenyewe nani atakufungulia sasa?"

Akatoka uani, na kanga aliiacha mabegani, uso wazi. Evalina akanyoosha mkono amshike asijikwae, lakini Kornelia akaukwepa.

"Njia naijua," akasema. "Wewe shika hicho kidude chako kwa mikono miwili."