Penalti ya Sebuleni

Mteja akishaketi kwenye kiti cha Komeo na kufungwa shuka shingoni, hana pa kukimbilia. Wembe uko kooni na kinyozi anasimulia. Anasimulia fainali aliyodaka penalti ya Radi, mshambuliaji ambaye mashuti yake yalikuwa yakichana nyavu. Kombe lenyewe liko palepale juu ya rafu, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, na ole wake atakayeliita kikombe. Jina la Komeo alilipata siku hiyo. Hata mkewe, aliyefunga naye ndoa kanisani kwa jina jingine kabisa, humwita hivyo.

Kwa hiyo mchungaji alipomwomba aje na kombe Jumapili, Komeo hakuuliza la nini. Alilisugua kwa majivu mpaka akajiona sura ndani yake, akavaa suti, akakaa benchi la mbele.

"Leo watanitambua," alimnong'oneza mkewe.

"Wanakutambua, baba watoto. Umewanyoa wote."

Mchungaji akalinyanyua kombe juu. Akazungumzia wakimbiaji wanaojinyima ili wapate taji ambalo kesho limenyauka, na waumini waliowekewa taji lisilochakaa milele. Katika kulitikisa ili maneno yakolee, mkono mmoja wa kombe ukang'oka, ukadondoka kwa! na kubiringika hadi miguuni pa kwaya.

"Mnaona?" akasema mchungaji, ambaye hakuwa amelipanga hilo, lakini hakuwa mtu wa kuachia bahati. "Utukufu wa dunia!"

Kanisa zima likacheka. Mke wa Komeo alijitahidi kujizuia, akaishia kukohoa kicheko kwenye kitambaa.

Komeo alirudi nyumbani amevimba kama chura.

"Mchungaji mwenyewe hajawahi kudaka hata chungwa! Mtu pekee anayejua nilichofanya ni Radi. Yule nilimliza."

"Basi nenda kwa Radi," akasema mkewe, aliyekuwa akitaka kulala kidogo.

Akaenda kweli, kombe kwapani na ule mkono uliong'oka mfukoni. Radi alikuwa akiishi kwa binti yake, upande wa pili wa mji, na hawakuwa wameonana tangu ile fainali. Binti ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo, baba. Karibu. Mzee yuko sebuleni, goti linamsumbua. Afadhali umekuja, mkae pamoja nifike sokoni mara moja."

Radi alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, kitambi juu ya mapaja. "Kipa! Kumbe bado upo!"

Komeo akaliweka kombe mezani, na mkono uliong'oka kando yake.

"Ndilo hili?" akauliza Radi. "Nilidhani kubwa zaidi."

"Ndilo. Lingekuwa lako kama nisingeidaka ile penalti."

"Penalti ipi? Ile niliyokufunga?"

Komeo alihisi kama kamwagiwa maji ya baridi. "Kama ulinifunga, kombe limefikaje kwangu?"

"Mlitufunga baadaye. Ila yangu iliingia. Wewe uliruka kushoto kama kuku aliyekanyagwa. Wajukuu wangu wote wanajua."

"Na wateja wangu wote wanajua niliidaka!"

Wakatafuta shahidi. Refa alishafariki. Kila mchezaji waliyemtaja, ama marehemu, ama amehama, ama hakumbuki hata majina ya wanawe.

"Tumebaki wawili," akasema Radi. "Na hatuelewani."

"Basi tuipige upya."

Wakasogeza meza. Goli likawa kati ya kabati na mlango wa jikoni, mpira ukawa soksi za Radi zilizokunjwa. Komeo akachuchumaa, magoti yakalia kama bawaba kavu. Radi akaegemea fimbo, akapiga. Soksi zikaja polepole, kama mgeni asiyeijua nyumba. Komeo aliziona vizuri kabisa. Akili iliruka mara moja, mwili ukafuata baadaye. Alipofika chini, kiuno kilikuwa kimeshakaza, na soksi zilikuwa zimeshampita sikioni, zimeingia jikoni.

"Goooli!" Radi akainua fimbo juu kushangilia, akasahau kwamba ndiyo iliyokuwa imemshikilia. Akaporomoka kando ya mwenzake.

Walicheka mpaka machozi. Kisha wakajaribu kuinuka, ikashindikana. Wakabaki wakiangalia dari.

Komeo akasimulia ya kanisani. Radi akacheka tena, halafu akatulia.

"Mwaka jana nililazwa," akasema. "Daktari aliniambia moyo umechoka. Nikamwomba Mungu, nikaanza, 'Ni mimi, Radi.' Ndugu yangu, nikaona aibu! Kama mtu anayejitambulisha kwa mama yake kwa jina la utani. Mama anayekujua tangu hujaota jino."

"Ukafanyaje?"

"Nikataja jina langu la ubatizo. Nikalia kidogo, nikalala."

Komeo akawaza. "Huko mbinguni wanacheza mpira, unadhani?"

"Wakicheza, hakuna atakayehesabu magoli."

"Sasa raha iko wapi?"

"Ndiyo maana inabidi ufike ukaone."

Kicheko kilimuumiza kiuno. Lakini kilipokwisha, Komeo alilitaja jina lake la ubatizo chinichini, kama mtu anayejaribu koti la zamani. Lilimtosha bado.

Binti alirudi na kikapu, akapiga yowe. "Wazee wangu! Nani amewaangusha?"

"Baba yako," akasema Komeo. "Amenifunga."

Jumapili iliyofuata Komeo alifika kanisani kiuno kimefungwa bendeji, Radi ubavuni. Mchungaji alikuwa mlangoni, ameshajiandaa kuomba radhi, lakini Komeo alimtangulia.

"Mchungaji, kutana na Radi. Alinipigia penalti, ikaingia."

Mkewe akamtumbulia macho. Radi naye, ambaye siku hizi alikuwa mkweli kupita kiasi, akaanza, "Ila mchungaji, zilikuwa soksi..."

Komeo akamshika mkono, wakaanza kupanda ngazi taratibu. Zilikuwa nyingi, na wote wawili walihitaji ukuta.