Mshale wa Mwalimu Casimir

Ijumaa ile ya mwaka 1972, mwalimu Casimir aliingia darasani, mjini Baraka, akiwa na chaki moja mkononi na fomu moja mfukoni. Chaki ilikuwa ya hesabu, fomu ilikuwa ya serikali: majina ya ubatizo yamefutwa, kila raia achukue jina la kwao. Mkurugenzi wa shule alikuwa ameongeza la kwake, kwamba mwalimu atakayefika Jumatatu bila jina jipya asikanyage darasani.

"Rahisi sana," mkurugenzi alimwambia. Yeye jana alikuwa Eugène, leo alikuwa na majina manne, na alitaka yote manne yatamkwe. "Andika jina ya babu yako."

Babu yupi? Casimir aliokotwa mlangoni mwa misheni, ndani ya kapu la ndagala, vile visamaki vya ziwani, tarehe nne Machi, siku ya mtakatifu Casimir. Mapadri hawakuumiza kichwa. Angeletwa kesho yake, angeitwa vingine. Angeweza kubuni jina, kweli, lakini fomu ilikuwa na mstari wa pili uliomnyima raha: *Jina hili ni la nani katika ukoo wako?*

Basi akafanya kile wafanyacho walimu wenye shida zao: akafundisha.

Somo lilikuwa *fonction*, ile hesabu ya kukipeleka kila kitu kwa mwenzake mmoja tu. Wiki mbili nzima darasa lilikuwa likizikodolea macho x na y kama mbuzi anayetazama redio. Siku hiyo akachora ubaoni viazi viwili vikubwa. Ndivyo wanafunzi walivyoyaita maduara yake. Katika kiazi cha kushoto akaandika majina ya zamani ya wanafunzi arobaini na mmoja. Katika cha kulia akaandika majina ya mababu na mabibi waliyoyaleta kutoka nyumbani, hata yale ambayo hayakupata wa kuyachagua.

"Kila mutu apige mushale yake," akasema, "toka jina ya zamani mpaka ya mupya."

Suzanne akapiga miwili, mmoja kwa jina la upande wa baba na mwingine kwa Kabanyana, bibi yake mzaa mama, maana pande zote mbili zilikuwa na watu wakali.

"Hapana. Mutu moja, mushale moja. Ukitoa mbili haiko tena *fonction*, iko fujo."

Suzanne akafuta wa upande wa baba, akaomba habari hiyo isifike kwao. Kisha Godelieve naye akapiga mshale wake kwenye Kabanyana, na darasa likapiga kelele kwamba mmoja lazima atoke.

"Muache! Mishale mbili kuanguka pa jina moja, haina kosa."

Akawaeleza: wanaotoa mishale, hao ndio *domaine*. Majina yaliyofikiwa na mishale ndiyo *image*. Yaliyokaa bure kule kulia hayahesabiwi.

"*Domaine*, bangapi?"

"Arobaini na moja!"

"*Image*?"

Vidole vikahesabu, midomo ikanong'ona. "Arobaini!"

Walikuwa wameelewa. Casimir alifurahi hadi akaisahau fomu, lakini Dorothée wa benchi la mbele, ambaye ulimi wake haujui likizo, akamkumbusha.

"Mwalimu, na weye? Weye hauko mu *domaine*?"

Angeweza kumnyamazisha. "Siko na mushale," akasema badala yake. "Siko na babu. Mi niliokotwa." Alikuwa ameificha sentensi hiyo miaka thelathini, na sasa ilimshangaza kwa ufupi wake. Akaona aibu, akageuka kufuta ubao.

Kabla hajafuta kitu, Nicolas akainuka nyuma. Huyu alikuwa kijana mrefu aliyeshuka kwa miguu kutoka Minembwe, kule milimani, na kwa kawaida alisema mara mbili tu kwa muhula. Akachukua chaki, akaandika *Casimir* ndani ya kiazi cha kushoto, akavuta mshale mrefu mpaka kwenye Rukunda, pale pale mshale wake mwenyewe ulipoishia.

"Ulisema haina kosa," akasema. "Rukunda ni babu yangu. Iko muzima, iko na ng'ombe mingi na maneno mingi. Tukifunga masomo tutapanda wote, akuone."

Casimir alisimama na kitambaa cha ubao mkononi. Alitaka kusema asante, kikatoka kitu kingine.

"*Domaine*?"

"Arobaini na mbili!"

"*Image*?"

"Arobaini!"

Alitoa fomu hapo hapo. Kwenye mstari wa pili, ambao wiki nzima ulikuwa mtupu, akaandika: *la babu yetu, Minembwe*.

Jumatatu mkurugenzi alikuja na orodha ya majina mapya, ya mwalimu na ya wanafunzi pamoja, akasoma kwa sauti ya majina manne.

"Rukunda!"

"*Présent!*" wakaitika wawili, mmoja kutoka benchi la nyuma, mwingine mbele ya ubao, chaki mkononi.