Bega la Abel

Abel alikuwa amepewa kazi isiyo na mwenyewe: kumwambia rafiki yake kwamba bendi haimtaki tena. Eunice, mwimbaji na mwenye kauli ya mwisho kwenye bendi yao ya mtaa wa Kambarage, alikuwa ameshaamua. Pantaleo anachelewa. Bluzi ni muziki wa kujivuta, sawa, lakini si wa kuburuta gunia. Abel akipiga ngoma, gitaa la besi la Pantaleo linakuja nyuma yake, na wimbo unalegea katikati kama kitanda cha kamba.

"Wewe ndiye uliyemleta, wewe ndiye umwambie," Eunice alisema.

Kweli alimleta yeye. Walikuwa marafiki tangu ujana, kabla Pantaleo hajaenda kwenye machimbo ya upande wa Geita kushika mashine ya kutoboa miamba. Baada ya miaka tisa alirudi na bati za kuezekea nyumba na masikio yaliyokwisha. Alikuwa amenyamaza kabisa, mpaka aliposhika besi ndipo akaanza tena kucheka. Abel alimpenda mtu huyu, na njia nzima aliikokota baiskeli badala ya kuipanda, ili asifike mapema.

Alimkuta Agnetha, mke wa Pantaleo, uani anatwanga mahindi. Mchi wa pili ulikuwa umeegemezwa ukutani.

"Karibu, shemeji. Mwenzako anaoga. Shika mchi basi, usikae bure."

Mtu aliyepiga ngoma miaka kumi na tano ashindwe na kinu? Abel alikunja mikono ya shati. Pigo la tatu tu, michi ikagongana na mahindi yakaruka nje. Wakaanza upya, ikagongana tena.

"Shemeji, una haraka gani? Wangu haujainuka, wako umeshashuka."

"Mbona napiga sawasawa?"

"Unapiga peke yako," Agnetha alisema.

Pantaleo akatokea na taulo shingoni, akamcheka, akamnyang'anya mchi. Kinu hakukitazama hata kidogo. Alitazama bega la mkewe. Bega likishuka, alingoja kidogo, mchi wa Agnetha utue na uanze kuondoka, ndipo wake ukaingia. Ulikuwa mwendo wa kuchechemea kidogo, ule ule ambao Abel alikuwa akiutafuta kwenye simu kwa kidude cha kuhesabia mapigo. Mguu wake ulianza kucheza bila kuombwa.

Abel aliona aibu. Kumbe Pantaleo hachelewi, anangoja pigo litue. Na yeye Abel hajawahi kuliacha litue. Akipiga moja anakimbilia la pili kama anayefukuzwa na nyuki. Tena kwenye mazoezi alimweka nyuma yake, mahali ambapo Pantaleo hawezi kumwona vizuri akipiga.

"Umekuja na lipi?" Pantaleo aliuliza kwa ile sauti yake ya juu.

Abel alimsogelea ili amsikie. "Nimetumwa nikuambie uache besi."

Mchi ulisimama. "Hilo nimelisikia vizuri," Pantaleo alisema taratibu.

"Sijamaliza. Jumamosi uje. Ikishindikana, tunaondoka wote wawili."

Jumamosi Abel aligeuza ngoma zake, wakakaa wanatazamana. Alipiga, kisha akaacha. Ile nafasi ilimtisha. Mikono yote miwili ilitaka kuijaza. Akajizuia. Besi ikaingia humo humo, ikakaa, na wimbo ukaanza kutembea wenyewe. Eunice, aliyekuwa amekunja uso na mikono, alianza kutikisa kichwa, halafu akadaka kipaza sauti.

Walipomaliza, Abel alijifuta macho wala hakujificha.

"Haya," Eunice alisema, akijifanya anarekebisha waya. "Pantaleo, Jumapili tuna onyesho, uwahi. Na mkeo aje aone."

Pantaleo hakumsikia. Vidole vilikuwa bado kwenye nyuzi, na macho kwenye bega la Abel, anangoja. Basi Abel akainua mkono tena.